Breki ya Mbele: Kitengela Hadi Kajiado na Kaka Yangu

Nyinyi wa kikundi cha baiskeli cha Jumamosi mmeniuliza mara nyingi tangu nirudi: safari ambayo tungeimaliza kabla ya saa sita mchana ilitumeza vipi siku nzima, na kwa nini kaka yangu aliingia kwa Mama akiwa na miiba kwenye masikio. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, huyu nikimpa mwanzo na yule nikimpa mwisho. Nimeandika yote hapa. Mkimwona sokoni msimcheke. Haki hiyo ni yangu peke yangu.

Kitengela, kungojana

Kaka yangu anaitwa Musyoka, lakini tangu apate binti yake wa kwanza sote tunamwita Baba Nduku. Aliendesha malori ya tenki karibu miaka thelathini. Alipostaafu, daktari alimwambia presha yake inataka mazoezi, basi akanunua baiskeli ya mitumba yenye gia, na wiki ya tatu akampigia Mama simu kule Kajiado kumwambia kwamba anakuja kumsalimia kwa baiskeli. Mimi hakuniuliza. Niliambiwa na Mama, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kuomba.

Nikasema nitaenda naye. Mnajua mwalimu wetu alivyotuweka uwanjani Jumamosi tatu mfululizo tukifinya na kuachilia breki mpaka vidole vikauma. Baba Nduku hakufundishwa na mtu. Alipanda tu akaenda.

Tulipatana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Alitokea saa mbili kasorobo. Nyuma, kwenye keria, alikuwa amefunga gunia la mbaazi mbichi za Mama kwa kamba za mpira, na gunia lilikuwa limelala upande kama mlevi. Niliinama kukagua magurudumu, nikaona mkono wa kulia wa breki unaning'inia hauna kitu.

"Baba Nduku, waya ya breki ya mbele iko wapi?"

"Nilitoa."

"Ulitoa kwa nini?"

"Hiyo ya mbele ni ya kuua watu. Ukiifinya tu, unaruka usukani, unaenda kusalimia lami na meno. Ya nyuma inatosha."

Nikamweleza vile tulivyoelezwa sisi. Ukifunga breki, mwili wako na mzigo wako vinasukumwa mbele, gurudumu la mbele linakandamizwa barabarani na la nyuma linabaki jepesi. La mbele ndilo linaloweza kukusimamisha. La nyuma likishikwa peke yake linateleza tu. Watu wanaoruka usukani ni wale wanaoifinya ghafla, mikono ikiwa imelegea. Unarudisha makalio nyuma, unakaza mikono, unafinya zote mbili pole pole halafu unaongeza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaza kofia.

"Mbithe, mimi nimeshuka ule mteremko wa Mai Mahiu na tenki imejaa. Wewe ndiye utanifunza breki?"

Akaondoka. Nilitaka kusema safari imekufa, lakini nani angenisikia? Alikuwa ameshapita mzunguko.

Kuelekea Kisaju

Nilimfikia pale majengo yanapoanza kupungua. Upepo ulikuwa umeamka, na umeamka vibaya, unatupiga usoni. Malori ya kwenda Namanga yakipita yanakufyonza kidogo kuelekea katikati ya barabara halafu yanakuachia. Tulikuwa pembeni, nje ya ule mstari wa manjano, mimi nyuma, nikimtazama.

Kila alipotaka kusimama ilikuwa hivi: anafinya breki ya nyuma, gurudumu linalia, baiskeli haisimami, kisha anashusha miguu yote miwili na kuburuta soli. Vumbi linapanda. Mita ishirini baadaye anasimama, ameridhika.

"Hiyo miguu ni ya nini?" nikamuuliza.

"Hiyo ni breki ya eksozi, kama ya lori."

Karibu na Kisaju mwanamume mmoja wa shuka nyekundu alitusimamisha kwa kuinua fimbo. Mimi nilisimama mbele yake. Baba Nduku alisimama akiwa ameshampita mbali, ikabidi arudi akisukuma. Mzee huyo alikuwa anatafuta ng'ombe.

"Mmeona ng'ombe yangu? Ni ya kahawia, sikio moja iko na alama."

Nikasema hatujaona. Kaka yangu, ambaye hawezi kuacha mtu aende mikono mitupu, akasema, "Mimi niliona moja hapo Kitengela, asubuhi."

"Wapi?"

"Kwa kichinjio."

Yule mzee akakaa chini. Alikaa pale pale kwenye nyasi, fimbo magotini, akaangalia kule tulikotoka. Baba Nduku naye akaingiwa na huruma, akaegesha baiskeli, akakaa kando yake, wakaanza kuulizana: mkubwa kiasi gani, pembe zimekwenda wapi, sikio gani. Waliulizana karibu saa nzima. Mwishowe ikajulikana kwamba yule wa kichinjio alikuwa mweusi mwenye madoa meupe.

"Kwa nini hukuuliza rangi kwanza?" nikamwambia tulipopanda tena.

"Mtu akiwa na shida huanzi na rangi," akasema.

Isinya, chai

Tulifika Isinya saa nne na nusu. Wakati huo nilikuwa nimepanga kuwa kwa Mama, miguu juu ya stuli. Tuliingia hoteli ndogo ya mabati, na njia nzima kutoka Kisaju nilikuwa nimemwimbia wimbo ule ule: tutafute fundi, turudishe waya, ni kazi ya dakika kumi. Alikuwa amekoma kunijibu.

Msichana wa kuhudumia akaja, mchangamfu, kitambaa begani. Akamuuliza kaka yangu, "Mzae, breko?"

Mnajua vijana wanaita kiamsha kinywa hivyo. Baba Nduku hajui. Yeye alisikia breki. Akanigeukia kama mimi ndiye niliyemtuma.

"Iko moja," akamwambia kwa ukali. "Na inatosha."

"Sawa. Moja." Msichana akanitazama. "Na madam?"

"Yeye ako na mbili. Na hanipi amani."

Msichana akaenda. Akarudi na sahani moja ya chapati na mayai kwake, na sahani mbili kwangu. Kaka yangu aliangalia sahani zangu, akaangalia yake, akaniuliza tangu lini nimekuwa mlafi. Nilijaribu kumweleza. Nilipofika katikati nikaona sina nguvu, nikala zote mbili.

Fundi wa baiskeli alikuwepo, ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli. Nilikwenda peke yangu. Aliniambia waya zimeisha, zitakuja kesho, labda. Niliporudi nikamkuta Baba Nduku ameshapanda, mguu mmoja chini, anatabasamu.

"Umeona? Hata Mungu hataki."

Mteremko

Mbele ya Isinya barabara inapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Tulipanda mlima mmoja mrefu kwa shida, na juu yake upepo ukageuka, ukatushika mgongoni. Mteremko ulikuwa mnyoofu na lami nzuri. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilifurahi.

Kaka yangu alinipita. Gunia la mbaazi lilikuwa linamsukuma na yeye alikuwa ameinama, kofia imegeuzwa nyuma. Nikamwita apunguze. Upepo ulichukua sauti.

Chini kabisa, mbuzi walianza kuvuka. Mwanzo wawili, kisha kumi, kisha barabara yote ikawa mbuzi, na mwanamke wa Kimaasai katikati yao na fimbo nyembamba. Mimi nilianza kufinya mapema, zote mbili, makalio yamerudi nyuma ya kiti. Nikahisi baiskeli inakaa chini, inatii. Baba Nduku alifinya ile moja aliyokuwa nayo.

Gurudumu la nyuma lilishikwa, likapiga kelele, likaanza kwenda upande, kulia, kushoto, kama mkia. Hakuwa anapunguza mwendo, alikuwa anateleza tu. Nyuma yetu nilisikia honi ya lori, ndefu. Nikaona tairi ya nyuma ya baiskeli yake ikienda upande wa kulia, kwenye njia ya lile lori, na nikajua nitamwona kaka yangu akifa, na nikajua pia kwamba neno la mwisho alilosikia kwangu lilikuwa la mayai.

Aliachilia breki. Sijui kama alifikiria ama mikono ilifikiria yenyewe. Baiskeli ikanyooka, akaelekea kushoto, akatoka kwenye lami, akaingia kwenye murram, ile changarawe nyekundu ya kando, akaruka mtaro, akapotelea ndani ya kichaka cha miiba. Lori likapita na honi yake. Mbuzi walikuwa wameshatawanyika pande zote mbili.

Nilitupa baiskeli yangu nikakimbia. Yule mwanamke alifika kabla yangu. Kaka yangu alikuwa amelala chali ndani ya miiba, gunia juu ya kifua, mbaazi kila mahali, macho wazi. Tulikulia Kajiado, na heshima tuliyofundishwa huko haikumtoka hata pale.

"Takwenya," akamsalimia yule mama kwa Kimaasai.

"Iko," akaitika, kwa sababu salamu ni lazima ijibiwe. Halafu akaanza. "Wewe mzee, unakimbia kwenda wapi? Mbuzi inajua kungoja. Wewe hujui kungoja?"

"Breki ilikataa, mama."

"Haikukataa," nikasema. Nilikuwa nalia na sikujua. "Aliitoa. Aliitoa na mkono yake."

Yule mama akanitazama, akamtazama, akauliza kwa utulivu kama huyu ni bwana wangu. Nikasema ni kaka yangu.

"Pole," akaniambia mimi, wala si yeye.

Maziwa

Mifupa ilikuwa mizima. Tulikuwa tunamtoa miiba wakati mwanamume mmoja alisimama na baiskeli kubwa iliyobeba mitungi miwili ya plastiki nyeupe ya maziwa, mmoja kila upande. Alikuwa wa rika la kaka yangu. Alijiita Lemayian, na alisema anapeleka maziwa Isinya kila siku. Aliinua baiskeli ya Baba Nduku kutoka mtaroni, akaizungusha, akaona kile nilichokiona Kitengela.

"Mzee, hii ni breki moja."

"Ya mbele ni hatari," akasema kaka yangu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Kuja uone kitu."

Mtungi mmoja ulikuwa umejaa nusu, na maziwa yalionekana kupitia plastiki. Akaisukuma baiskeli yake hatua kadhaa kwa mkono, halafu akafinya breki. Maziwa yote yalikimbilia mbele, yakapanda ukuta wa mtungi, yakabaki yameinama.

"Umeona imeenda wapi? Mbele. Na wewe pia, na gunia yako, mnaenda hivyo hivyo. Gurudumu ya nyuma inabaki mwepesi kama kuku. Sasa wewe unashika ile mwepesi. Itashika nini?"

Baba Nduku aliangalia yale maziwa. "Ni kama tenki ikiwa nusu," akasema.

"Ee. Kama tenki."

"Ukikanyaga ghafla inakuja kukupiga mgongo."

"Sasa unajua. Ya mbele unafinya vile mtu anakamua. Huwezi kuvuta titi na nguvu mara moja, ng'ombe itakupiga teke. Unaanza pole, unaongeza, unaongeza. Mwili unarudisha nyuma. Kona ikikuja, maliza breki kabla ya kona. Na kwa murram, hiyo ya mbele unaguza tu, hapo ya nyuma ndiyo inafanya kazi."

"Nimeelewa," akasema kaka yangu. Alikuwa ameshika kofia mkononi kama yuko kanisani. "Umenieleza vizuri sana."

Nisikilizeni. Maneno hayo, ukitoa ng'ombe, niliyasema mimi Kitengela, nikayarudia Kisaju, nikayapigia kelele kwenye upepo mpaka koo likakauka. Huyu aliyasema mara moja na kaka yangu akavua kofia.

Lemayian alikuwa na waya ya akiba kwenye pindo la shuka, imekunjwa kama kamba ya kiatu, na koleo. Aliifunga pale pale barabarani, akakaza, akapima raba zisiguse tairi, akamwambia ajaribu. Alikataa shukrani yoyote isipokuwa konzi mbili za mbaazi, ambazo alisema atampelekea mke wake ili mke amweleze ni chakula gani. Yule mama wa mbuzi naye akatikisa kichwa, akawafuata wanyama wake.

Kwenye kalvati

Tulibaki wawili. Nikamwambia afanye mazoezi kabla ya kuendelea, kwenye kipande cha barabara ya zamani kilicho kando, tambarare, hakina gari. Akapanda, akaenda pole pole, akasimama. Akarudia. Mara ya tatu nikaona mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka. Haukuwa unatetemeka alipokuwa ndani ya miiba.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho ningepaswa kukiona asubuhi.

"Baba Nduku, wewe uliendesha tenki. Mambo ya uzito kwenda mbele ulikuwa unayajua kabla mimi sijajua kupanda baiskeli. Yule wa maziwa hakukufunza kitu."

Alishuka. Akaenda kukaa juu ya kalvati, lile daraja dogo la mtaro, mgongo kwangu.

"Wewe hukuanguka kwa ngazi," akasema.

"Ngazi gani?"

"Ya nyumbani. Hiyo kidevu yako."

Chini ya kidevu changu kuna kovu. Niliambiwa tangu utotoni kwamba nilianguka kwenye ngazi za mbele ya nyumba nikiwa na miaka minne. Hakuna mtu aliyewahi kusema vingine.

"Nilikuwa nimekubeba kwa ile baiskeli ya baba," akasema. "Kwa chuma ya katikati, mbele yangu. Ulikuwa unapenda. Tulishuka ile njia ya kando ya reli na nikashika ya mbele, yote, mara moja. Uliruka. Mimi nilibaki nimeshika usukani na wewe hukuwa hapo." Akaokota kokoto, akaitupa mtaroni. "Nilikubeba mpaka kwa ngazi nikakulaza pale. Halafu ndiyo nikaita Mama."

Mngetaka niwaambie nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika. Kwa miaka zaidi ya arobaini nimeogopa ngazi. Nyinyi mmeniona pale kanisani, ninashuka wa mwisho, nimeshika ukuta kama bibi kizee, na mmenicheka. Nilikuwa naogopa kitu ambacho hakijawahi kunifanya chochote.

"Uliniacha niogope ngazi," nikamwambia.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne."

"Na sasa una ngapi?"

Akasimama, akashika baiskeli. Nikamwambia apande, arudie tena, mpaka mkono utulie. Alirudia labda mara thelathini. Nilihesabu dakika. Mkono ulipotulia tukaondoka.

Kajiado

Tuliingia Kajiado alasiri, na ilikuwa siku ya soko la mifugo. Barabara ya kuingia inashuka, na kwenye kona ya kwanza mkokoteni wa punda ulitokea kati ya malori mawili ya ng'ombe, ukasimama katikati kabisa ya njia yetu. Baba Nduku alikuwa mbele. Niliona mabega yake yakirudi nyuma, viwiko vikikaza. Hakuburuta mguu. Baiskeli ilipungua, ikapungua, ikasimama, punda akiwa umbali wa mkono mmoja, na gurudumu la nyuma halikulia hata kidogo. Akageuka kuniangalia. Bado nilikuwa na hasira, lakini nilitikisa kichwa kukubali.

Mama alikuwa amekaa barazani, chakula kimefunikwa tangu mchana. Aliangalia masikio ya mwanawe, akaangalia gunia lililobaki nusu, akaleta maji. Tulinawa, akapakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kabla hatujaonja, kaka yangu akaweka kijiko chini.

"Mwaitu," akamwambia, vile tulivyomwita kwa Kikamba tukiwa wadogo, "Mbithe hakuanguka kwa ngazi."

Mama aliendelea kupakua. "Najua."

Sote tukamtazama.

"Ngazi ni ya simiti," akasema. "Nilitoa murram kwa hiyo kidevu na sindano, moja moja, mpaka nikachoka. Simiti haina murram."

"Na hukusema?" nikauliza. Nilikuwa nimepandisha sauti mbele ya mama yangu na sikujali. Kati yetu watatu, mtu ambaye hakujua alikuwa mwenye kidevu.

"Ningesema nini? Baba yenu angemchapa, na baiskeli angeifungia stoo." Akamsogezea kaka yangu sahani. "Huyu alijichapa mwenyewe. Baada ya hapo hakupanda tena ile baiskeli na wewe. Ulikuwa unamngoja kwa geti kila jioni, na bandeji yako, unanyoosha mikono akubebe. Yeye anashuka akiwa mbali, anasukuma kwa mkono, anapita kama hakuoni."

Hilo nalikumbuka. Sikumbuki kuanguka, lakini geti nalikumbuka, na mgongo wake ukienda na baiskeli. Maisha yangu yote nilidhani alikuwa hanipendi.

Baba Nduku alikuwa ameinama juu ya kikombe, anapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. Nilihamisha kiti changu upande wake. Mwiba mmoja ulikuwa umebaki nyuma ya sikio, nikautoa.

Tulirudi kesho yake. Kutoka Kajiado mpaka Kitengela, kila mteremko na kila kona, alinifundisha kufunga breki. Nilimwacha afundishe.